Kansa ya figo: kutoa tezi zote, kupima tezi ya kwanza, au kuziacha? Tulivyolinganisha sisi

Jamani naandika hii kwa sababu mwaka jana ukoo wetu ulikaa wiki mbili unabishana juu ya tezi, zile ndogo za mitoki zilizo karibu na figo. Sio juu ya operesheni, operesheni wote tulishakubali, ubishi ulikuwa kwenye tezi tu, na najua kuna familia nyingine huku Mbeya au Iringa au Njombe sa hivi imekaa sebuleni na bahasha ya siti skani mezani inajiuliza hayohayo.

Mgonjwa ni baba mdogo, analima viazi kule Isyonje. Alianza kukojoa damu, haimuumi popote, akaenda zahanati akapewa dawa ya kichocho, damu ikakata, baada ya miezi mitatu ikarudi, akapewa dawa ileile. Hapa nisimame kidogo maana hili linaniuma mpaka leo. Damu ya uvimbe wa figo ndo tabia yake, inakuja inaondoka yenyewe, kwahiyo mtu anadhani dawa imefanya kazi. Mtu mzima akikojoa damu bila maumivu, hata ikikata, apigwe altrasaundi. Yeye alikuja kupigwa damu iliporudi mara ya tatu, ikaonekana kitu figo la kushoto, siti skani yenye dawa ya mshipani ikasema sentimita 6 na nusu, mapafu safi, tezi hazijakua.

Bas, daktari akasema figo linatoka. Tukarudi nyumbani Uyole kujadili na hapo ndo zikatokea pande tatu.

Kaka mkubwa: watoe figo na tezi zote za karibu, mti unang'olewa na mizizi.

Mama yangu: msiguse tezi za shemeji yangu. Mama alikuwa na kansa ya titi 2016, akatolewa tezi zote za kwapa na akapigwa mionzi, na mkono wake wa kulia umevimba tangu hapo. Nguo zake zote za vitenge fundi alifumua mshono wa mkono wa kulia akaongezea kipande, ukimwona kwa mbali huoni, ukikaa naye karibu unaona kile kipande maua yake hayakutani na ya pembeni. Sasa mtu kama huyo akikwambia msiguse tezi utamjibu nini?

Afu dada yetu anayeishi Uholanzi akatuma voisi ndefu, kwamba kuna njia ya katikati, wanatafuta ile tezi moja tu ya kwanza inayopokea maji kutoka kwenye uvimbe, wanaitoa hiyo wanaipima, ikiwa safi wanaacha nyingine, na kwamba Amsterdam kwenye taasisi yao ya kansa wameijaribu mpaka kwenye figo. Akauliza kwanini baba mdogo asifanyiwe hiyo. Swali zuri kabisa, na mi ndo nikapewa kazi ya kulijibu kwa sababu nilisomea maabara, japo sikuwa najua lolote la figo. Nikasoma, nikauliza madaktari wawili, nikalinganisha.

Kwanza tuelewane tezi zipi. Sio tezi dume wala tezi la shingo la thairoidi. Ni zile tezi ndogo kama harage ambazo ukiwa na kidonda mguuni zinavimba kwenye kinena tunaita mitoki. Zipo mwili mzima, zimeungana kwa vimirija vyembamba vinavyobeba maji ya mwili, na kansa nyingi zikianza kusafiri zinapita humo. Za figo huzioni wala huzipapasi, ziko nyuma kabisa ya tumbo, zimepanga mstari pembeni ya ile mishipa miwili mikubwa ya damu inayoteremka mbele ya uti wa mgongo.

Hiyo tezi ya kwanza wengine wanaiita tezi mlinzi, mi nitaiita tezi ya getini. Kwanini getini? Aliyefika Mbarali kwenye mashamba ya mpunga anajua, mfereji mkuu unapita, una geti, ukitaka kujua maji yanayoingia kwenye majaruba ni machafu au masafi huna haja ya kuzunguka jaruba moja moja, unachota pale getini. Titi liko hivyo. Maji ya titi karibu yote yanaelekea kwapani kwa njia inayoeleweka, kuna tezi moja mbili tatu za mwanzo, wanachoma dawa ya bluu au dawa yenye mionzi kidogo karibu na chuchu, wanafungua kwapa sehemu ndogo, wanaiona tezi imegeuka bluu au kifaa cha kunasa mionzi kinalia, wanaitoa. Ikiwa safi kwapa linabaki na mara nyingi mkono hauvimbi kama wa mama.

Wazo hili lina miaka mingi, 1977 daktari Cabanas aliliandika kwa kansa ya uume, 1992 Morton na wenzake wakalileta kwa kansa ya ngozi ya melanoma, likaja kwenye titi na likabadilisha kabisa upasuaji wa titi. Kwahiyo dada hakukosea kuliamini.

Sasa figo. Figo ni kama Usangu wakati wa masika, maji yanapita yanapotaka. Kwa kawaida figo la kushoto linamwaga kwenye tezi za pembeni ya mshipa mkubwa wa aota, la kulia linamwaga pembeni ya ule mshipa mwingine unaorudisha damu na katikati ya hiyo miwili. Lakini vimirija vingine havisimami kwenye tezi yoyote ya hapo, vinaenda moja kwa moja kwenye mrija mkuu wa maji hayo kifuani. Hao watafiti wa Amsterdam walichoma dawa ya teknisiamu, ile yenye mionzi kidogo, ndani ya uvimbe wa figo kwa kuongozwa na altrasaundi, wakapiga picha kwa kamera ya mionzi, na kilichotokea ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hakuna tezi iliyoonekana kabisa, na kwa wengine iliyoonekana ilikuwa nje ya eneo ambalo daktari wa upasuaji angelifungua, hata kifuani. Sasa tezi ya kwanza ikiwa kifuani na wewe umefungua tumbo unafanyaje?

Afu kuna la pili ambalo watu wengi hawalijui, kansa ya figo inapenda damu kuliko tezi. Inaota ndani ya mshipa wa figo, mara nyingine inapanda mpaka kwenye mshipa mkubwa, na kutoka huko inaenda mapafuni na kwenye mifupa bila kugusa tezi hata moja. Kwahiyo tezi ya getini ikiwa safi kwenye titi ni habari kubwa, kwenye figo ni habari nusu.

Haya tuweke njia tatu pembeni kwa pembeni.

Kutoa tezi zote. Hii ndo ya zamani, 1969 Robson aliposifia operesheni kubwa ya figo tezi zilikuwa ndani ya mpango. Baadae wakaamua kuipima kwa haki, Ulaya, kati ya 1988 na 1991 waliwagawa wagonjwa 772 kwa bahati nasibu, nusu wakatolewa figo na tezi, nusu figo tu, wakawafuatilia miaka na miaka, matokeo ya mwisho yakatoka 2009. Waliotolewa tezi hawakuishi zaidi ya wenzao. Na kwenye zile tezi zilizotolewa, waliokutwa na kansa walikuwa 4 tu katika kila 100. Nilipomsomea kaka mkubwa hiyo namba alinyamaza muda, afu akauliza kwahiyo 96 walitolewa bure? Ndio kaka, kwa upande wa tezi walitolewa bure. Kuna wanaosema wagonjwa wale wengi walikuwa na uvimbe usio wa hatari sana, ni kweli, lakini hata uchambuzi wa baadae kwa wenye hatari kubwa haukuonesha kwamba kufagia tezi kunaongeza maisha.

Hapa lazima niseme ukweli pia kwa upande wa mama. Woga wake ni wa haki kwa kwapa, ila haubebeki kuupeleka kwenye figo. Kutoa tezi za nyuma ya tumbo hakuvimbishi mkono, na kwa kawaida hata mguu hauvimbi. Hasara zake ni nyingine, muda mrefu zaidi kwenye nusu kaputi, mikono ya daktari kufanya kazi juu ya mishipa mikubwa ambayo ikichanika damu ni nyingi, na mara chache maji meupe kama maziwa kuvuja tumboni baada ya operesheni. Kwenye ule utafiti wa watu 772 madhara ya pande mbili hayakupishana sana. Kwahiyo hoja sio kwamba inatisha, hoja ni kwamba hailipi.

Kupima tezi ya getini. Hii ndo niliitumia muda mwingi zaidi kwa sababu ndo ilikuwa na matumaini ya watu. Na kitu kilichonifungua macho ni swali moja dogo la daktari kijana niliyemfuata, aliniuliza, kwenye titi hiki kipimo kilikuja kumwokoa mgonjwa na nini? Nikasema na kutolewa kwapa lote. Akasema sawa, na kwenye figo tunamwokoa na nini wakati tezi hatuzitoi? Nikakaa kimya.

Hapo ndo penyewe. Kwenye titi, kutoa tezi zote ilikuwa desturi yenye maumivu, kipimo kikaja kupunguza. Kwenye figo kwa mtu ambaye siti haioneshi tezi kubwa, desturi ya sa hivi ni kuziacha, kwahiyo kipimo hakipunguzi chochote, kinaongeza. Kinaongeza sindano ndani ya uvimbe, dawa yenye mionzi ambayo nguvu yake inapungua nusu kila masaa 6 kwahiyo haiwezi kusafirishwa na kungoja kwenye friji, kamera yake, kifaa cha kusikilizia ndani ya chumba cha operesheni, na timu iliyozoea kufanya hivyo. Huko Amsterdam kwenyewe ilifanywa kama utafiti. Sio huduma ambayo mgonjwa anaenda dirishani kulipia, na hapa kwetu huduma za nyuklia zilizopo hospitali ya kansa ya Ocean Road kule Dar wanazitumia kwa mambo mengine kama kupima mifupa na thairoidi. Kumpandisha mzee basi alfajiri pale stendi ya Nanenane, zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar, Kitonga na kiuno kinamuuma, kwenda kuulizia kipimo ambacho hakipo kwenye orodha ya tiba ya ugonjwa wake, hapana.

Ila nisimnyime dada haki yake, kuna sababu moja nzuri ya kukitaka. Kansa ya figo haisikii kemo ya kawaida na mionzi haiimalizi, lakini tangu 2021 kuna ushahidi kwamba dawa ya kuamsha kinga ya mwili inayoitwa pembrolizumab, ikitolewa kwa dripu baada ya operesheni kwa wenye hatari kubwa ya kansa kurudi, inapunguza kurudi, na 2024 ikaonekana inaongeza na maisha. Mwenye kansa kwenye tezi yumo kwenye hao wa hatari kubwa. Kwahiyo kujua hali ya tezi kunaweza kubadilisha tiba, kwa aliye na uwezo wa kuipata hiyo dawa, na bei yake sio ya kuuza ng'ombe wawili. Kama unatibiwa nchi ambayo dawa hiyo ipo kwenye bima na kuna utafiti wa tezi unaendelea, mi nisingekukataza kuingia. Kwa baba mdogo wa Isyonje mizani ilikuwa nyingine.

Kuziacha, ila kwa macho wazi. Njia hii watu wanaidharau kwa sababu inasikika kama uvivu. Sio uvivu. Maana yake siti inasomwa vizuri kabla, daktari akiwa ndani anaangalia na kupapasa, akikuta tezi imekua anaitoa hiyo na kuipeleka kupimwa, asipokuta anafunga, afu pesa na nguvu zote zinaenda kwenye majibu ya pathologia, yaani maabara inayopima figo lililotolewa, na kwenye kufuatilia.

Na tezi ikionekana kubwa kwenye siti msianze kulia. Tezi ya figo inakua hata kwa sababu ya uvimbe kuoza katikati na mwili kupambana. Kuna utafiti wa 1990 uliangalia watu waliokuwa na tezi za kuanzia sentimita moja, zaidi ya nusu yao tezi hazikuwa na kansa kabisa. Kwa hiyo tezi kubwa ni sababu ya kumwambia daktari tunaomba aitoe ipimwe, sio sababu ya kusema imeshasambaa turudi nyumbani. Nasema hivi kwa uchungu maana kuna jirani yetu alirudishwa kijijini na ndugu zake kwa neno moja tu kwenye ripoti, hawakuuliza.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya na hii mada, navipitisha haraka. Kuchukua kinyama cha uvimbe wenyewe sio kupima tezi ya getini. Kinyama cha figo kwa sindano mara nyingi hakihitajiki kama figo linatoka hata hivyo, kina maana zaidi kwa uvimbe mdogo wa chini ya sentimita 4 ambao karibu 1 kati ya 5 sio kansa, au kama mgonjwa hawezi kufanyiwa operesheni na anatafutiwa dawa. Na kansa inayoanzia kwenye njia ya mkojo ndani ya figo, sio kwenye nyama ya figo, ni ugonjwa mwingine, mrija mzima unatoka mpaka kwenye kibofu na habari ya tezi huko ina mjadala wake.

Na mtoto. Hii naomba isomwe taratibu. Mtoto mdogo mwenye uvimbe wa figo, ule mama anaukuta tumboni wakati anamwogesha, mara nyingi ana kansa ya Wilms na hapo kila nilichoandika juu kinageuka. Kwa mtoto daktari LAZIMA achukue tezi kadhaa za karibu wakati wa operesheni hata kama hazijakua, kwa sababu tezi ikiwa na kansa mtoto anapanda hatua na anahitaji mionzi na dawa zaidi, na kansa ya Wilms inasikia dawa vizuri sana. Tezi zisipochukuliwa mtoto anaweza kupewa tiba pungufu. Ukiwa na mtoto wa hivyo usinukuu ulinganisho wangu wa baba mdogo, muulize daktari tezi zimechukuliwa?

Tulivyoamua sasa. Uvimbe sentimita 6 na nusu, tezi hazijakua, mapafu safi, mgonjwa ana miaka 61 na figo la pili zima, kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, nzuri. Tulienda kwa daktari wa upasuaji hapa Mbeya watu watatu, mi, kaka mkubwa na mama, mama alisema anataka kusikia kwa masikio yake. Tukauliza: kuna tezi yoyote iliyokua kwenye siti? ukikuta kubwa ukiwa ndani utafanyaje? inawezekana kutoa kipande tu cha figo libaki lingine? majibu ya pathologia yanatoka lini na nani anayafuata? Alitujibu yote, la kipande akachora nyuma ya bahasha ya siti, uvimbe ulikuwa umekaa katikati pale mishipa inapoingilia, akasema ungekuwa pembeni angejaribu. Mama akamuuliza, na mkono? Akamshika mkono wake uliovimba akamwambia mama, hii haimpati shemeji yako.

Operesheni ilipita. Daktari alipapasa hakukuta tezi kubwa, hakugusa. Kopo la figo lenye formalini, dawa ya kuhifadhia, nililibeba mwenyewe mpaka maabara, nawaambia mlioko kwenye foleni hiyo, soma lebo kabla hujaondoka nalo, jina, upande wa kushoto au kulia, tarehe, na kama kuna tezi iliyotolewa iwe kwenye kopo lake na lebo yake, maana ikitupwa humo humo na figo mnaweza msijue ilikuwa imetoka wapi. Tulingoja wiki tatu na siku mbili. Majibu, kansa ya seli angavu, ndo ile ya kawaida ya figo, haijatoka nje ya figo, mshipa safi.

Ameacha diklofenaki aliyokuwa anameza kwa mgongo, amekatazwa na mitishamba, figo ni moja sasa. Siti ya kwanza ya kufuatilia kifua na tumbo ilikuwa Machi, safi. Ya pili ni Septemba, viazi vya Julai tumeshatenga magunia manne ya kuilipia, na dada wa Uholanzi amesema ya tatu ni yake.